Yuda Naye Aimbe

MWAJUMA: Asalaam aleikum, habari za jioni wasikilizaji wetu. Mimi ni Mwajuma, tuko hapa Ujiji, na ninaye kaka yangu Elia. Kaka, leo umekuja na jambo la moyoni.

ELIA: Ninalo, dada. Nilipokuwa na miaka 17, parokiani kwetu hapa Kigoma tulifanya igizo la Mateso siku ya Ijumaa Kuu. Kila kijana alitaka kuwa Petro. Yuda akakosa mtu, nikabebeshwa mimi. Nikapewa kifuko cha kitambaa chenye vifuniko vya soda, vilie kama fedha.

MWAJUMA: Vifuniko vya soda!

ELIA: Jumamosi yake natumwa dagaa sokoni. Mama mmoja akanitazama, akafunika beseni lake kwa khanga. "Si wewe uliyemuuza Bwana?" Hakuwa anatania. Nikarudi nyumbani mikono mitupu. Na kilichoniuma ni kwamba Yuda wetu hakuwa na neno hata moja. Anabusu, anapokea kifuko, anatoka.

MWAJUMA: Umehukumiwa na kujieleza hukujieleza.

ELIA: Ndiyo maana siku niliposikia Jesus Christ Superstar, igizo la nyimbo kuhusu siku za mwisho za Yesu, nilikaa kimya kabisa. Watunzi ni Andrew Lloyd Webber na Tim Rice wa Uingereza, vijana bado. Walianza na santuri, mwaka 1970, kwa kuwa hawakupata wa kugharamia jukwaa. Oktoba 1971 ikafunguliwa Broadway, New York, nje kuna waandamanaji, Wakristo kwa Wayahudi. Sasa sikia: wimbo wa kwanza anaimba Yuda! Anamwonya rafiki yake Yesu kwamba watu wamepagawa naye, Warumi watakuja kuwamaliza wote. Ni mtu mwenye hofu, dada.

MWAJUMA: Na inaishaje?

ELIA: Kaburini. Ufufuko haumo. Hapo waumini wengi walikasirika, wala siwalaumu. Mimi mwenyewe Pasaka bila Jumapili siioni. Lakini Yuda yule nilimjua.

MWAJUMA: Sisi Waislamu mitume hatuwaigizi. Hakuna wa kuvaa kanzu akasema mimi ndiye. Ila njoo usiku wa maulidi. Inasomwa Barzanji, ya Jaafar al-Barzanji wa Madina, karne ya 18. Watu wamekaa mkekani, dufu ziko kando. Kisomo kikifika pale Mtume anapozaliwa, wote tunasimama. Udi unafuka chetezoni, mtu anapita na mrashi, anakunyunyizia marashi viganjani. Bibi yangu alikuwa na goti bovu, hivyo alinishika bega ndipo anyanyuke. Uzito wa mkono ule ninao mpaka leo. Mwigizaji hayupo, na mtazamaji naye hayupo, sote tumo.

ELIA: Hapo umenigusa.

MWAJUMA: Basi ndiyo maana nyimbo nyingi za sasa zinanichosha. Mungu anatajwa kila ubeti, lakini kazi aliyopewa ni kuleta gari na kuwafunga midomo wabaya wetu. Hakuna anayetetemeka mbele zake. Hakuna anayemuuliza kitu.

ELIA: Na chombo cha kuulizia tunacho: utenzi. Kuna Chuo cha Herekali, muswada wa 1728, kinachosimulia vita vya Tambuka zama za Mtume. Halafu Mwalimu Nyerere, Mkatoliki, aliyesoma na kufundisha hapo Tabora, akaichukua bahari ileile, yaani mtindo uleule wa ushairi, akatungia Injili zote nne. Vitabu vikatoka 1996.

MWAJUMA: Bahari moja, na imewabeba wa msikitini na wa kanisani. Hili watoto wetu wanapaswa kulijua mapema, kaka. Mimi nimelijua nikiwa mtu mzima.

ELIA: Kwa hiyo mwakani Yuda wetu ataimba. Nimeshaanza ubeti. Sikiliza:

Thelathini mkononi,
mbona baridi moyoni?
Nitarudi kwa uso gani,
rafiki nimemuuza.

MWAJUMA: Ngoja nihesabu kwa vidole… Huo wa tatu una mizani tisa. Toa "ta".

ELIA: Nirudi kwa uso gani…

MWAJUMA: Nane. Endelea.

ELIA: …rafiki nimemuuza.