Debe Linaisha Siku Ngapi?

Mhadhara uliotolewa kwa wanandoa, Iringa mjini, mwezi wa Juni

Kamwene, ndugu zangu. Wakubwa wangu shikamooni, na vijana hamjambo.

Nashukuru mmekuja na baridi hii. Walioko karibu na dirisha wasogee huku mbele, viti vipo.

Nimeombwa nizungumze habari za ndoa. Mimi nimekuwa bibi shamba, yaani afisa ugani wa kuwashauri wakulima, kwa miaka 33, na katika miaka hiyo nimekaa kwenye majiko ya watu kuliko nilivyokaa ofisini. Mkulima hawezi kukueleza habari za shamba lake akaacha za nyumba yake. Ukimwuliza mbona mwaka huu hukuweka mbolea ya kukuzia, atakwambia fedha ilikwenda wapi. Akishakwambia fedha ilikwenda wapi, umeshajua yeye na mwenzake wanaishije. Kwa hiyo nitasema yale niliyoyaona huko, pamoja na ya nyumbani kwangu. Mzee wangu, yaani mume wangu, yumo humu ndani na ameniruhusu.

Nimezaliwa Muheza, mkoani Tanga. Kule mvua huja mara mbili kwa mwaka: masika, kuanzia Machi hadi Mei, na vuli, kuanzia Oktoba hadi Desemba. Nilipokuwa naolewa mwaka 1991, mama alinikalisha mkekani akaniambia, "Mwanangu, mwenzio akikukosea usifungashe. Masika yakikupita, vuli ipo." Alikuwa na maana kwamba nafasi ya kutengeneza mambo haikosekani, subiri tu.

Nikaja na neno hilo hadi Mufindi, huku kwetu Iringa. Nililipenda, na hata sasa nalipenda kwa sababu ni la mama. Lakini huku kifuku, yaani msimu wa mvua, ni kimoja. Mvua zinaanza Novemba, pengine Desemba mwanzoni, zinakwenda hadi Aprili au Mei, basi. Ukichelewa kupanda, hakuna vuli ya kukuokoa. Na fedha ya mkulima wa mahindi inafuata mwendo huo huo: inaingia mara moja, kwa mkupuo, halafu nyumba inakaa miezi mingi ikiitafuna. Ilinichukua miaka kuelewa kwamba ugomvi wa nyumba zetu nao una msimu. Ukitaka kujua watu wanagombania nini Februari, rudi utazame walifanya nini Julai.

Lakini nianze na kipupwe, kwa kuwa ndimo tulimo.

Kipupwe changu cha kwanza Mufindi, ukungu ulishuka ukakaa siku nne, na manyunyu yale mnayoyajua, ambayo si mvua na nguo hazikauki. Mtu wa Muheza hakuwahi kukutana na baridi ya namna hiyo. Usiku wa pili nikawasha jiko la mkaa, nikaliingiza chumbani, nikafunga dirisha, nikaziba na chini ya mlango kwa tambara. Nikajisifu kwamba leo mume wangu atalala pazuri. Alipoingia hakusema neno. Alilibeba jiko akalitoa nje, akafungua dirisha, akapanda kitandani.

Nililia usiku ule. Niliona nimeolewa na mtu asiyejali kama ninaganda. Siku mbili tukawa tunasalimiana tu.

Mama mkwe ndiye aliyenieleza, tukiwa tunachambua maharage. Aliniambia juu ya nyumba moja ng'ambo ya bonde ambayo watu walilala na jiko, asubuhi jirani akagonga mlango bila kujibiwa. Baadaye kazini nikajifunza sababu. Mkaa ukiwaka kwenye chumba kilichofungwa hutoa hewa iitwayo kaboni monoksaidi. Haina rangi, haina harufu. Inashika nafasi ya oksijeni kwenye damu, mtu analegea, usingizi unamzidi, na haamki. Nawasihi, hata usiku wa leo: jiko libaki nje. Msiseme limebaki majivu tu. Majivu yenye makaa mekundu ndani ni yale yale.

Basi mume wangu alikuwa ameniokoa maisha, nami nilikuwa nimemnunia siku mbili. Yeye hakueleza kwa sababu kwake ni jambo ambalo hata mtoto analijua. Mimi sikuuliza kwa sababu nilidhani nimeshaelewa. Nimeliona jambo hili mara nyingi sana kwa wanandoa waliotoka sehemu mbili tofauti, na siku hizi ndio wengi. Binti wa Kyela ameolewa Njombe, kijana wa Makambako ameoa Kigoma. Kila mmoja ana mambo ambayo kwao hayasemwi, yanafanywa tu. Mwenzake anaona kitendo, maneno hayaoni.

Sasa nije kwenye mahindi.

Mwaka wetu wa kwanza wa kulima pamoja tulivuna magunia 14. Kwa ekari tulizokuwa nazo, yalikuwa mavuno mazuri. Mume wangu alikuwa mwalimu, nyumba yetu ilikuwa ya nyasi, na yeye alitaka bati. Mwezi wa saba akaja mfanyabiashara na gari, akanunua magunia 11. Mimi nilikuwa semina. Niliporudi nikakuta bati zimeegeshwa ukutani na magunia 3 ghalani.

Sikusema kitu. Hapo ndipo kosa langu lilipo, na nalitaja kwa sababu akina mama wengi mnalifanya. Niliona bati zinang'aa, nikaona furaha yake, nikasema moyoni, huyu baba ametaka kunijengea, nitaanzaje kumuuliza? Nikakaa kimya Julai, Agosti, Septemba. Oktoba fundi akaezeka. Novemba tukapanda. Desemba wakaja wageni wa sikukuu. Katikati ya Januari magunia 3 yalikuwa yameisha.

Mnaijua Januari. Watoto wanataka sare na madaftari, shamba linataka palizi na mbolea, na mahindi shambani bado yapo magotini. Tukaanza kununua unga kwa kilo, kwa bei iliyopanda mbali na ile tuliyouzia. Nakumbuka usiku mmoja wa Februari mvua inapiga kwenye bati jipya, hakuna tone linaloingia, na chini yake mimi napima vikombe vya unga. Nikasema yote niliyoyafungia tangu Julai. Na nilisema vibaya. Nilimwambia ale bati lake. Mama mkwe alisikia, wadogo zake mume wangu walisikia.

Kilichotulisha wiki zile ni kinyungu cha mama mkwe. Kwa wageni wa Iringa niseme, vinyungu ni bustani za mabondeni, kwenye unyevu, zinazolimwa kiangazi wakati huko juu kumekauka. Alikuwa amepanda mahindi na maharage peke yake kwa jembe la mkono, na sisi tulikuwa tukikiita "kabustani ka bibi". Januari ile mahindi mabichi yalitoka huko, maharage yalitoka huko. Yeye hakutukumbusha. Aliweka tu kikapu mlangoni, akaenda zake.

Niseme hapa jambo linaloniuma, kwa kuwa nimelikuta katika kila wilaya niliyofanya kazi. Mahindi ya mlimani yanaitwa ya baba, yanahesabiwa kwa magunia. Mboga, kinyungu, kuku, kuteka maji, kulea, kupika kwa ajili ya vibarua wa palizi, hayo hayahesabiwi. Yanaitwa "mambo ya akina mama". Sheria yetu ya Ndoa ni ya mwaka 1971. Mwaka 1983 Mahakama ya Rufani, katika shauri la Bi Hawa Mohamed na Ally Seif, ilitamka kwamba kazi za nyumbani za mke ni mchango katika mali ya ndoa. Ni zaidi ya miaka 40 sasa. Bado naingia kwenye nyumba namuuliza baba, "Mama anafanya kazi gani?" ananijibu, "Hana kazi, yupo tu nyumbani." Na mama mwenyewe ameinamisha kichwa, mkono una matope ya bondeni.

Baba zangu, nawaomba sana, msilitamke neno hilo mbele ya watoto.

Nilihamishiwa Rungwe kwa miaka kadhaa, na huko nikaona kitu kilichonifungua macho. Kule Tukuyu, mji wa Rungwe, mvua ni nyingi, na miezi mikavu kabisa ni michache. Migomba haina mwezi wa njaa. Mkungu unakatwa leo, mwingine wiki ijayo, maziwa yanauzwa kila asubuhi. Fedha inaingia kidogo kidogo. Ugomvi upo, ni binadamu wale, lakini ule wa Februari niliouzoea huku sikuukuta. Nikaamini, na mpaka leo naamini, kwamba umaskini peke yake hauvunji nyumba kwa wepesi kama fedha ya mkupuo isiyozungumzwa. Ile ya mwezi wa saba, inayokuja kwenye bahasha moja, ikiwa na gari mlangoni, dereva anapiga honi na mnunuzi anasema nina haraka.

Tulipatana, mimi na mzee. Haikuwa siku ile. Ilikuwa Juni iliyofuata, mahindi yamepukuchuliwa yanaanikwa kwenye turubai. Yeye ndiye aliyeanza. Alileta daftari la shule na kalamu, akaniuliza, "Debe la mahindi linatuchukua siku ngapi?"

Nilikuwa sijui. Mimi bibi shamba, niliyekuwa nafundisha watu nafasi kati ya mche na mche, sikujua nyumba yangu inakula nini. Tukapima. Tulikuwa watu watano, na debe lilikwenda siku 11. Mwaka una siku 365, gawa kwa 11, ni debe 33 na ushee. Gunia la kilo mia ni kama debe 6. Kwa hiyo magunia 6 hayagusiki. Mwaka uliopita tulibakiza 3. Tukatazamana. Hakukuwa tena na wa kulaumiwa, hesabu ilikuwa imetulaumu wote wawili.

Tangu mwaka ule hatujaruka kikao hicho. Tunakaa baada ya kupukuchua, kabla gari halijaja. Kwanza chakula, tunaongeza gunia moja la wageni, maana Desemba watu wanakuja na hatutaki kuwaonea uchungu. Halafu mbegu na mbolea ya Novemba. Halafu mahitaji ya shule ya Januari. Michango ya harusi nayo tunaiandika humo humo. Najua harusi za Agosti na Septemba zinavyokuwa nzuri baada ya mavuno, nami nazipenda, lakini baba akiahidi kwenye kamati kabla mama hajajua, mahindi yameshauzwa hayo. Kinachobaki ndicho kinachouzwa, na hakiuzwi chote siku moja. Msikubali lumbesa, yaani gunia lililojazwa kupita kipimo. Cha kula kihifadhini vizuri: kikauke kwanza sawasawa, kisha kwenye ile mifuko ya tabaka tatu, muifunge kwa nguvu hewa isiingie, na dumuzi, mdudu anayetoboa mahindi, atakufa humo humo.

Watoto wakipata akili wakalishwe nao. Binti yetu wa kwanza alikuwa na miaka tisa alipouliza kwenye kikao kwa nini kabustani ka bibi hakaandikwi kwenye daftari. Baba yake alikaa kimya kidogo, akachora mstari mpya, akaandika: Kinyungu. Mama mkwe alikuwa hai. Hakujua kusoma, akaomba asomewe mstari ule mara mbili.

Madaftari yote ninayo. Ukiyafungua unaona nyumba ilivyokua na ilivyopungua. Kuna miaka tulikuwa watu tisa, watoto wetu wanne na wa ndugu, debe linakwenda siku 6. Tulikuwa tunachoka, tunagombana kuhusu kuni, kuhusu nani ameacha mlango wa ghala wazi. Halafu mmoja akaenda Dodoma, mwingine Dar es Salaam, mmoja akaolewa Mbalizi. Siku 8. Siku 13. Mama mkwe akatutoka. Mwaka jana tulipima, debe limekwenda siku 27.

Hakuna aliyeniandaa kwa namba ile. Nilikaa nayo pale kibarazani jioni. Mzee akatoka na koti lake, akanifunika mabegani, akakaa. Siku hizi huwa ananieleza anachofanya, hata kama ni koti tu. Akasema, "Nimetoa jiko nje." Nikacheka mpaka machozi yakatoka.

Mwaka huu kwenye daftari tumeandika magunia matatu. Mawili na nusu yetu, nusu ni ya wajukuu wakija likizo ya Desemba, maana wanapenda ugali wa huku, wanasema wa Dar haunukii.

Chai iko tayari, naona akina mama wananipungia kule nyuma. Mzee amekuja na debe letu, lile la siku zote, limebonyea upande mmoja. Kila nyumba ichukue karatasi moja na kalamu moja, si mbili. Mkimaliza kikombe cha chai mkae pamoja, mniandikie nyumba yenu ina watu wangapi na debe linakwenda siku ngapi. Wasiojua waandike kwamba hawajui, tutapima wote.