Moja kwa Moja: Kuielewa Lenzi ya Makro

Assalaam aleikum, na kwa wazee wangu mlioketi safu ya mbele, shikamoo. Nimeombwa niwaeleze wapiga picha chipukizi wa hapa Mombasa maana ya lenzi ya makro, yaani ya kupiga picha vitu vidogo kwa karibu, nami nitaanza na hasara yangu mwenyewe. Lenzi yangu ya kwanza iliyoandikwa neno hilo ubavuni niliinunua kwa pesa za kudunduliza, nikaenda nayo hadi kwenye mwembe ulio nyuma ya nyumba yetu kumpiga picha maji moto, yule chungu mwekundu anayeshona majani yakawa kiota. Kila nilipomsogelea, lenzi ilikataa kushika fokasi, yaani kumwonyesha wazi bila ukungu. Niliporudi nyuma ikakubali, lakini chungu akaonekana kama punje ya ufuta juu ya sinia. Neno lilikuwapo, ila kazi haikuwapo.

Kinachoifanya lenzi iwe ya makro ni uwiano baina ya ukubwa wa kitu chenyewe na ukubwa wa taswira yake juu ya kihisi, yaani kile kibamba kilichochukua nafasi ya filamu. Lenzi ya makro kamili hufikia 1:1, uwiano ambao Kiswahili chetu kimeupa jina zuri bila kukusudia: moja kwa moja. Maji moto mwenye urefu wa milimita 8 huchora kwenye kihisi taswira ya milimita 8. Lenzi yangu ile iliishia 1:4, kwa hiyo taswira yake ilikuwa milimita 2 tu. Wala msidhani kwamba 1:1 humjaza chungu pichani, kwa kuwa kihisi kikubwa kina upana wa milimita 36, na milimita 8 ndani yake hazifiki hata robo. Kwenye kamera yenye kihisi kidogo, cha upana wa milimita 24 hivi, taswira ile ile hushika theluthi, na ndiyo maana sioni haja ya mwanafunzi kuidharau kamera ndogo.

Lenzi hizi zina jambo jingine ambalo wengi hulipuuza. Mwaka 1956 kampuni ya kamera ya Nikon ilitoa lenzi ya sentimita 5 (hicho ni kipimo cha urefu wa fokasi, si urefu wa chombo chenyewe) iliyoitwa Micro-Nikkor, iliyokusudiwa kunakili nyaraka kwenye filamu ndogo, na kazi hiyo ilidai herufi zilizo pembeni mwa ukurasa zisomeke sawasawa na zilizo katikati. Sifa hiyo ingalipo katika lenzi nyingi za makro, na kwa mtu wa mji huu, ambako zimo nyumba zilizohifadhi tenzi na barua za kale zilizoandikwa kwa hati za Kiarabu, pengine ina faida kuliko wadudu wote wa mwembeni.

Sasa tufike kwenye fedha. Lenzi ya milimita 60 na ya milimita 100 zote zaweza kufikia 1:1, lakini tofauti iko katika nafasi inayobaki baina ya kioo cha mbele na mdudu. Masafa yanayotajwa na watengenezaji hupimwa kuanzia kwenye kihisi, hivyo lenzi ya milimita 100 inayotajwa kuwa hushika fokasi kwa sentimita 30 huacha sentimita 14 au 15 hivi ukishatoa urefu wa lenzi na unene wa kamera. Ile ya 60 huacha chini ya sentimita 10. Kivuli chako humfunika maji moto, naye hulijibu kosa hilo kwa meno. Asiye na uwezo anunue mirija mitupu ya kuisogeza lenzi mbali na kamera: mrija wa milimita 25 nyuma ya lenzi ya milimita 50 huongeza uwiano wa 1:2, na kwa kuwa hauna kioo, hauna cha kuota ukungu kwa unyevu wetu huu wa pwani.

Mkishafika 1:1 mtakutana na ufinyu. Kwa tundu la kupitisha mwanga ndani ya lenzi likiwa f/8 (namba ikikua, tundu hupungua), unene wa sehemu inayoonekana wazi ni takriban milimita moja, kiasi kwamba jicho la chungu likitulia wazi, miguu yake huzama katika ukungu. Mkilibana tundu hadi f/16 mtapata kama milimita mbili, lakini mwanga unaopita kitundu chembamba hutawanyika na picha nzima hulegea kidogo. Isitoshe, katika uwiano huo ni robo tu ya mwanga uliozoeleka inayofika kwenye kihisi. Hapo ndipo upepo huwa adui. Jani likitikiswa milimita moja na kusi, taswira nayo imehama milimita moja, fokasi imekwenda zake. Mimi hutoka alfajiri, kabla upepo haujaamka, na flashi ndogo mkononi.

Mtakapokwenda dukani, chukueni rula. Iwekeni fokasi kwenye kikomo chake cha karibu kabisa, sogezeni kamera nzima mbele na nyuma hadi mistari iwe wazi, pigeni picha, kisha hesabuni milimita zilizoingia kutoka ukingo hadi ukingo. Kwa kihisi kikubwa, zikiwa 36 lenzi ni 1:1. Zikiwa 72 ni nusu yake. Zikiwa 144, basi mmekutana na ile yangu. Rula chache zipo hapa mezani, na lenzi mbili za kujaribia. Karibuni.