Kabati la gemu sebuleni

BEKA: Haya karibuni tena, niko na dada Zuu hapa, leo hatuna mgeni, mgeni ni kabati.

ZUU: Kabati ambalo mwezi mzima nasikia habari zake tu. Ulivyoniambia unatengenezesha kabati nikajua kaka kaamua kuoa.

BEKA: (anacheka) Hata fundi wa Keko aliniuliza, la nguo au la vyombo? Nikamwambia la gemu, zile mashine unasimama mbele yake, skrini juu, joistiki, yaani fimbo ya kuchezea, na batani hapa tumboni, kama za gemu ya Pac-Man ya 1980. Akanitazama weee, akasema leta mchoro.

ZUU: Na ndani kuna nini, maana za zamani si unakuta litivii la chogo zito afu bodi la gemu moja tu?

BEKA: Ya kwangu ndani hamna kitu bana. Kuna Raspberry Pi, kile kikompyuta cha saizi ya kadi ya benki, monita ya ofisini ya inchi 19 nimeipata mtumba Kariakoo, na spika mbili. Programu ni MAME, aliianzisha Muitaliano mmoja Nicola Salmoria 1997, inafanya kompyuta ijifanye bodi la gemu la zamani. Hiyo jioni moja tu nimemaliza, nikajua kazi imeisha, kumbe mbao ndo kazi yenyewe.

ZUU: Hapo ndo ulipochemka.

BEKA: Vibaya! Fundi kanikatia MDF, zile mbao za unga wa mbao ulioshindiliwa, ya milimita 18 kila sehemu mpaka kile kibao cha kuchezea, mi nikatoboa matundu ya milimita 30, batani zikaingia safi, najisifia, nageuza kibao kuangalia chini... sasa zile batani zina vimeno vya plastiki pembeni, vimetengenezwa ving'ate bati jembamba, kwenye ubao mnene havifiki upande wa pili, kwa hiyo having'ati kitu, ukibonyeza kwa hasira batani inazunguka tu. Afu joistiki, yaani nilicheka peke yangu, fimbo yote imemezwa na mbao, juu kimebaki kitu kama uyoga.

ZUU: Uyoga!

BEKA: Uyoga kabisa. Nikarudi Keko, fundi akapindua kibao, akapitisha ruta, ile mashine ya kuchimbia mbao, kwa chini, akachimba mpaka zikabaki kama milimita 5 pale inapofungwa joistiki, ndo fimbo ikachomoza. Batani nikachukua zinazokazwa kwa nati. Kwa hiyo anayetaka kujenga anunue vifaa kwanza, avipime, ndo aende kwa seremala. Mi nilianza na seremala.

ZUU: Na waya? Mi kulehemu sijawahi.

BEKA: Wala hulehemu. Batani ina miguu miwili, waya huu mguu huu, ule mguu ule, hata ukizigeuza sawa tu, ni swichi. Zote unachomeka kwenye saketi ndogo ya USB, Pi inaona kama padi ya gemu ya kawaida.

ZUU: Ila wasikilizaji, wiki iliyopita nimecheza Pac-Man kwake, nakufa kila kona, nikasema basi nimezeeka.

BEKA: Hujazeeka! Pac-Man ilitengenezwa kwa fimbo ya njia 4, juu, chini, kushoto, kulia, basi. Ya kwangu ilikuwa njia 8, mkono ukipita kwenye pembe inasoma pande mbili kwa pamoja, yule jamaa wa njano anapitiliza kona. Chini ya joistiki kuna kisahani cha plastiki chenye tundu la mraba, nimekizungusha nyuzi 45, sasa kwenye pembe haiendi. Ila kwa Street Fighter II, ile gemu ya kupigana, lazima nikirudishe, bila pembe ule moto wa mikononi hautoki ng'o.

ZUU: Kila saa unalala chini na bisibisi?

BEKA: Hapana, nimeweka bawaba, kibao kinainuka kama boneti ya gari.

ZUU: Na pa kuingizia sarafu?

BEKA: Hamna, kuna batani nyeupe pembeni, ukiibonyeza mashine inajua umelipia.

ZUU: Kwa hiyo Jumamosi nakuja na wanangu, tunacheza bure.

BEKA: Wao bure. We dada 200, na ulete chenji.