Mwendo, Uigizaji na Fikra katika Madarasa ya Sekondari Msingi

Walimu wenzangu, wazazi, na wanachuo wa ualimu mliojumuika nasi, nimeombwa nizungumzie matumizi ya uigizaji na mwendo wa mwili katika kufundisha masomo ya gredi ya 7, ya 8 na ya 9. Nchini Kenya hatujapungukiwa na maigizo shuleni, kwa maana tamasha za kitaifa za drama huwapandisha watoto wetu jukwaani kila mwaka, na washindi hualikwa kuigiza mbele ya Rais. Hiyo ni kazi ya sanaa, nayo ina walimu wake na waamuzi wake. Mimi nitajifunga na uigizaji usio na hadhira, ule unaochukua dakika 10 au 15 katikati ya kipindi cha Hisabati, Sayansi au Historia, ambamo mwanafunzi hutumia mwili wake ili afikie jambo ambalo alikuwa hajalielewa.

Tuutazame mwezi. Mwezi huizunguka dunia kwa muda wa siku 27.3, na katika muda uo huo hujizungusha mara moja kwenye mhimili wake. Ndiyo maana sisi huuona upande mmoja tu, na upande wa pili haukupata kuonekana na binadamu hadi Oktoba 1959, chombo cha Kisovieti kiitwacho Luna 3 kilipopita nyuma yake na kuupiga picha. Ukiwauliza wanafunzi, wengi watakujibu kwamba mwezi haujizungushi hata kidogo, kwani ungejizungusha tungeuona upande wake wa nyuma. Jibu hilo lina mantiki, na kwa sababu hiyo sentensi sahihi iliyoandikwa ubaoni hunakiliwa daftarini bila kuaminiwa.

Sasa mweke mwanafunzi mmoja katikati awe dunia, na mwingine awe mwezi, kwa sharti moja: amzunguke mwenzake huku akimtazama usoni muda wote. Darasa lifuatilie uso wa mwezi unaelekea wapi katika kila robo ya safari. Utaelekea ubaoni, kisha mlangoni, kisha ukuta wa nyuma, kisha madirishani, na mwezi ukirejea ulipoanzia utakuwa umezielekea pande zote nne za chumba, yaani umejizungusha mara moja kamili. Halafu mlete mwezi wa pili, naye umwambie asijizungushe kabisa, macho yake yasibanduke ubaoni. Dunia itauona uso wake, kisha sikio, kisha kisogo, kisha sikio la pili. Hapo mabishano huzuka, na mwalimu asiharakishe kuyazima, kwa kuwa somo lenyewe limo humo. Mabishano hayo aghalabu yatakuwa ya Kiswahili au ya lugha ya nyumbani, ingawa kitabu ni cha Kiingereza. Yaacheni yaendelee kwa lugha iliyowajia. Istilahi za Kiingereza zitapata pa kushika wazo likishakuwepo.

Zingatieni ni kitu gani kilichofundisha hapo. Ni lile sharti la mwendo, ambalo ndilo sheria ya mwezi wenyewe. Tukimvika mtoto karatasi ya manila iliyoandikwa jina la mwezi na kumkaririsha mistari, tutapata kicheko na makofi, lakini dhana itabaki pale pale ilipokuwa. Mimi huona kwamba hapa ndipo juhudi nyingi njema hupotelea.

Namba hasi nazo zinakubali utaratibu huo. Chora mstari wa namba kwa chokaa uwanjani. Mwanafunzi husimama kwenye namba ya kwanza akielekea upande wa chanya. Alama ya kutoa humgeuza kuelekea upande wa hasi. Namba ya pili ikiwa hasi, hutembea kinyumenyume. Kwa hesabu ya hasi 3 kutoa hasi 2, atasimama kwenye hasi 3, atageuka, atarudi kinyumenyume hatua 2, na atajikuta kwenye hasi 1. Ile kanuni ambayo wengi wetu tuliikariri bila maelezo ameitembea kwa miguu yake.

Historia yahitaji uangalifu zaidi. Dorothy Heathcote, Mwingereza aliyeacha shule akiwa na miaka 14 akafanye kazi katika kiwanda cha nguo za sufu na baadaye akawa mhadhiri Newcastle, alisisitiza kwamba mwalimu mwenyewe aingie katika uhusika. Katika somo la kipande, yaani hati ya utambulisho na kazi ya enzi za ukoloni, mwalimu anaweza kuwa mwajiri mlowezi. Mwanamume Mwafrika alilazimika kuwa na hati hiyo, ambayo wengi waliivaa shingoni ndani ya kikasha cha chuma, na mwajiri asipoitia sahihi ya kumwachilia, mfanyakazi akiondoka huhesabiwa kuwa mtoro anayestahili kushtakiwa. Wanafunzi waje kuomba sahihi, mwalimu aikatae kwa upole, kisha mchezo usimame na waulizwe: mtu huyu amebakiwa na njia gani? Wakifika hapo, kukamatwa kwa Harry Thuku, mwanaharakati aliyekipinga kipande, mwaka wa 1922, na umati uliokusanyika Nairobi tarehe 16 Machi kudai aachiliwe, akiwemo Mary Muthoni Nyanjiru, aliyeuawa kwa risasi pamoja na wengine, huwa tukio lenye sababu. Risasi zenyewe zisiigizwe. Mauaji yakiigizwa na watoto wa miaka 13 ama hugeuka mzaha, ama humwumiza mtoto ambaye nyumbani kwao yameshatokea.

Tena umri huu una aibu zake. Mwili unabadilika, sauti inavunjika, na macho ya wenzao huwalemea. Asilazimishwe mtu kusimama peke yake. Vikundi vyote vitende kwa wakati mmoja ili asiwepo wa kutazamwa. Kugusana kusiwe sharti. Anayetumia kiti cha magurudumu anaweza kuwa mwezi sawa na mwingine yeyote, mradi mwalimu aipange njia mapema.

Mtaniambia kwamba madarasa yetu yamejaa na madawati hayasogei. Ni kweli, na ndiyo maana nimetaja uwanja. Wengine watataja tathmini ya kitaifa ya mwisho wa gredi ya 9. Kwa hiyo kila uigizaji ufuatwe papo hapo na maandishi ya mwanafunzi mmoja mmoja. Katika somo la mwezi, achore alipopita na aeleze ni katika jambo gani mwigo wetu haukuwa sahihi: umbali ulikuwa mdogo mno, jua halikuwepo, na dunia ilisimama bila kuzunguka. Anayeweza kuzitaja kasoro hizo yuko tayari kulikabili swali la mtihani juu ya mada hiyo. Asiyeweza, mwalimu ameshaona pa kurudia kabla ya kipindi kijacho.