Mkono Unaokumbuka Bila Wewe

Mabibi na mabwana, asanteni kwa kuja.

Nianze na giza. Umeme umekatika, na unajua fika kwamba umekatika. Unawasha tochi, unaingia chumbani, na mkono wako unanyanyuka wenyewe unabonyeza swichi ukutani. Dakika tano baadaye unaingia chumba kingine, mkono unarudia yaleyale. Ambaye hayajawahi kumtokea anyooshe kidole... Sioni hata mmoja.

Sasa nawauliza: aliyebonyeza ni nani? Wewe ulikuwa na habari kamili. Basi kuna mwingine humo ndani ambaye habari haikumfikia, na leo nataka tumjue huyo.

Mwaka 1953, mjini Hartford, Marekani, kijana wa miaka 27 aitwaye Henry Molaison alipasuliwa kichwa kwa sababu ya kifafa kilichomwandama tangu utotoni. Daktari William Scoville alimwondolea nyama ya ndani ya ubongo pande zote mbili, ikiwemo sehemu kubwa ya hipokampasi, kiungo cha ubongo kinachosaidia kuhifadhi kumbukumbu. Kifafa kilipungua sana, lakini Henry hakuweza tena kuhifadhi jambo jipya. Ungezungumza naye vizuri kabisa, ukatoka nje kidogo, na ukirudi angekusalimu kama mgeni. Aliishi hivyo miaka 55, mpaka alipofariki mwaka 2008, na muda wote huo wataalamu walimtaja kwa herufi mbili tu, H.M., ili kumsitiri.

Mwanasaikolojia Brenda Milner alimpa kazi hii. Karatasi ina nyota iliyochorwa kwa mistari miwili, mmoja ndani ya mwenzake. Upitishe penseli katikati ya mistari bila kuigusa, ila mkono wako hauruhusiwi kuutazama moja kwa moja. Unauona kwenye kioo tu. Nendeni mkajaribu. Ukifika kwenye pembe ya nyota, unataka kukata kona huku, penseli inakwenda kule. Unaisahihisha, inazidi kupotea. Utatoka jasho.

Siku ya kwanza Henry alihangaika kama ambavyo ningehangaika mimi. Siku ya pili makosa yalipungua. Siku ya tatu alikuwa akichora vizuri kabisa, na alishangaa mwenyewe kuona kazi ni nyepesi hivyo, kwa maana kwa upande wake hiyo ilikuwa mara ya kwanza kuiona karatasi ile. Mkono ulikuwa umefundishwa, mwenye mkono hana habari.

Huwa nasisimka kila ninapoisimulia habari hii. Kumbukumbu ina ghala zaidi ya moja! Lile tunalolijua, la majina na matukio, linategemea hipokampasi. Mazoea hutegemea zaidi sehemu nyingine, viini vilivyojificha katikati ya ubongo viitwavyo ganglia za msingi. Mwaka 1996 watafiti wa Marekani, akiwemo Larry Squire, walilithibitisha hilo kwa mchezo wa kubashiri mvua au jua kwa kutazama kadi. Waliopoteza kumbukumbu waliendelea kuubobea mchezo wasioukumbuka. Wenye ugonjwa wa Parkinson, ambao huvuruga viini hivyo, waliukumbuka mchezo vizuri lakini hawakuuzoea.

Mnaona jambo hili linavyogusa afya? Yuko mtu anayejua madhara ya sigara kuliko hata daktari wake, na bado inamkalia vidoleni. Tunamwambia hana nia. Mimi naamini tunamwonea. Tunamhubiria anayesikia, ilhali anayewasha kiberiti ni yule asiyejua maneno. Huyo anajua mahali, saa, kilichotangulia na raha iliyofuata, basi. Ndiyo maana msongo wa mawazo ukizidi, au msiba ukiingia, mazoea ya zamani hurudi mbio: akili inapolemewa, usukani humwangukia yeye.

Vita vya Vietnam vilionyesha jambo hili kwa namna ambayo wengi hawakuitarajia. Mtafiti Lee Robins aliwafuatilia wanajeshi wa Marekani waliorejea mwaka 1971, baadhi yao wakiwa wamekuwa waraibu wa heroini kule vitani. Walio wengi hawakurudi kwenye uraibu walipofika nyumbani. Hawakuwa malaika. Mahali palikuwa pengine, watu wengine, asubuhi nyingine.

Na kujenga zoea jipya huchukua muda gani? Zile siku 21 zinazotajwa kila mahali zisiwavunje moyo. Phillippa Lally na wenzake, London, walichapisha mwaka 2010 utafiti wa watu 96: makadirio yalianzia siku 18 hadi 254, katikati ikiwa siku 66. Na kuruka siku moja hakukuharibu kitu.

Baba yangu alikuwa akisahau vidonge vya presha. Tulimsema, tukampigia simu, tukambandikia karatasi ukutani, na mwishowe tukawa tunamkaripia, jambo ninalolijutia. Kisha dada yangu akavitoa kabatini akaviweka kando ya kikombe cha mswaki. Mswaki baba hakuwahi kuusahau maishani mwake. Baada ya miezi michache hakuna aliyemkumbusha tena.

Mwaka uliofuata alikuja kukaa kwangu siku chache. Siku ya tatu nikamuuliza, "Baba, dawa unakunywa?" Akanitazama, akajibu bila wasiwasi kwamba anakunywa kila asubuhi. Vidonge vilikuwa mkobani, karatasi zake hazijafunguliwa. Mswaki ulikuwa bafuni, peke yake kwenye kikombe changu. Safari hii sikumkaripia. Nilivichukua vidonge, nikaenda kuviweka pale.