Karatasi ya choo, ndara na sahani ya futari

Asalaam alaykum, hamjambo nyote, samahani feni moja imekufa, kwa hivyo wa nyuma njooni huku mbele tubanane.

Leo twazungumza juu ya watu wanaofungwa kwa maneno yao, na sisi majirani zao. Nianze na hapo nje tu. Fort Jesus, ngome kongwe ya Mombasa yetu, pale watoto wetu wanapopiga picha wakila aiskrimu, palikuwa jela kuanzia 1895 mpaka 1958, yaani humu ndani mna wazee waliokuwa wakipita pale utotoni na wafungwa wako ndani.

Sasa, kuna kijana wa mji huu huu, Abdilatif Abdalla, 1968 aliandika kijikaratasi cha kuuliza Kenya twendapi, swali tu jamani, serikali ya Kenyatta ikasema ni uchochezi, akala jela miaka mitatu, katoka 1972. Alipokamatwa alikuwa na miaka 22 hivi. Hebu tutulie hapa kidogo. Mtu amefungiwa peke yake, hana daftari, basi akawa anaandika mashairi kwa siri kwenye karatasi ya choo, na zile karatasi za jela za wakati ule si hizi laini za supamaketi, mwandishi Ngugi wa Thiong'o naye alipowekwa kizuizini mwisho wa 1977 bila kesi alisema zilikuwa ngumu za kukwaruza, mbaya kwa kazi yake lakini kwa kalamu zafaa kabisa. Mashairi ya Abdilatif yakatoka nje, 1973 yakachapwa, kitabu chaitwa Sauti ya Dhiki, na 1974 kikapewa zawadi ya fasihi yenye jina la Jomo Kenyatta, rais yule yule aliyemfunga. Mwacheka, lakini ndivyo ilivyokuwa.

Siku hizi watawala wamekuwa wajanja, hawapendi tena kusema fulani tumemfunga kwa maneno yake. Kule Belarus kuna Ales Bialiatski, kazi yake ni kutetea wafungwa wa kisiasa, 2011 wakamfunga kwa kesi ya kodi, halafu wakamkamata tena 2021, akapewa Nobel 2022 yumo ndani, na Machi 2023 akahukumiwa miaka 10 eti kwa magendo ya pesa. Kwa nini kodi, kwa nini magendo? Ili jirani aseme ahaa, kumbe mwizi. Eritrea hata hawakujisumbua na kesi, waandishi waliokamatwa Septemba 2001 hawajapelekwa kotini kamwe.

Na hilo la jirani ndilo lililonileta hapa. Mwaka mmoja nilimsindikiza mama mmoja kituoni, kituo sikitaji, akimtafuta mwanawe aliyekuwa akipigia kelele mambo ya ardhi. Askari akafungua OB, kile kitabu cha matukio cha kituo, akapitisha kidole polepole, akasema mama, jina hilo hatunalo. Mama hakujibu. Alikuwa anatazama chini, pale kaunta, kwenye ndara za bluu, ukanda mmoja umefungwa na waya. Alizijua, manake waya aliufunga yeye. Katiba yetu yasema saa 24 mtu afikishwe kotini, huyu alionekana siku ya nne.

Lakini mama hakulalamika sana na askari, alilalamika na mtaa. Ilikuwa Ramadhani, na mnajua kwetu, sahani haivuki kizingiti ikarudi tupu, basi mwaka ule sahani hazikuvuka kabisa. Watu walibadilisha njia wasipite mlangoni kwake, na wala hakuna aliyetumwa na serikali kuwaambia.

Wakina mama wa 1992 waliokaa Uhuru Park pamoja na Wangari Maathai, watoto wao wako jela kwa siasa, walipopigwa na polisi wakavua nguo mchana kweupe. Huwezi kubadilisha njia mbele ya mama yako akiwa vile. Ilipofika 1993 karibu watoto wote walikuwa nje.

Kesi ya mwana wa yule mama wa ndara bado, yatajwa Jumatatu saa tatu asubuhi. Mara ya mwisho kotini tulikuwa watatu, mama, mimi na mtu wa kuuza maji.

Haya, maswali. Mzee wangu pale, umeinua mkono zamani, anza wewe, ila tafadhali usitoe mhadhara mwengine.