Chumvi Inavyozima Mwanga wa Kwinini

Habari zenu, karibuni tena kibandani kwangu hapa Kondele, Kisumu. Leo chumvi itazima mwanga bila kugusa swichi. Tafuta soda ya toniki (ile yenye kwinini, dawa chungu ya malaria), gilasi mbili, chumvi ya jikoni na tochi ya ultravioleti, yaani ya mwanga tusiouona kwa macho. Tochi nauza mimi, ile ya nanomita 365 (huo ni urefu wa wimbi la mwanga wake). Zile za bei rahisi za 395 zinamulika zambarau tele, lakini kwinini inang'aa kidogo tu, halafu mnaniita mwongo. Usimmulike mtu machoni.

Sasa gilasi. Suuza. Suuza tena! Sabuni ya unga huwekwa kemikali za kung'arisha nguo nyeupe, nazo zinang'aa buluu vilevile, ila chumvi haizizimi. Mara ya kwanza nilirekodi video nzima, chumvi nusu kikombe, gilasi bado inawaka. Mke wangu akauliza, "Kwani uliiosha na nini?" Basi mulika gilasi tupu kwanza. Ikiwaka, irudishe kwenye karai.

Mimina toniki, koroga gesi itoke. Zima taa... eh, stima imepotea yenyewe! Asanteni, giza la bure.

Mnaona hiyo buluu? Hiyo ni kwinini. Molekuli yake inameza mwanga tusiouona, inapoteza nguvu kidogo, kisha inatoa mwanga tunaouona. Mwanasayansi George Stokes alilieleza jambo hili mwaka 1852, akitumia kwinini hiihii.

Gilasi ya kulia, kijiko cha chumvi... Woi! Inafoka! Nimewaambia mtoe gesi na mimi mwenyewe nimeharakisha. Kijana, lete kitambaa.

Haya. Koroga, mulika. Kulia inafifia, kushoto iko vilevile. Kloraidi, sehemu moja ya chumvi, inagongana na molekuli ya kwinini iliyoamshwa na mwanga wa tochi, inaipokonya nguvu kabla haijatoa mwanga. Wewe unayebisha kwamba ni maji tu yamechafuka, tia sukari kushoto, kijiko hichohicho. Umeona? Bado inawaka.

Ongeza chumvi kidogo kidogo uone mwanga unavyopungua kwa hatua. Hapo tayari una kipimo cha kloraidi.

Hiyo ya kulia usinywe. Mimi nimeonja. Uchungu na chumvi pamoja, ai! Je, ile gilasi umeisuuza?